Injini ya kilo 190 na ngazi mbili: namna ya kuipandisha kwenye boti bila kuua mtu

Swali lililonifikia ni hili: "Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao ya mizigo, urefu mita 11, nimeivuta ufukweni hapa Igombe, Mwanza, kwa matengenezo. Iko juu ya magogo, pua imetazama nchi kavu. Ubavuni ukingo uko mita 1.8 kutoka chini, nyuma mita 1.4. Nimenunua dizeli ya silinda moja, farasi 22, muuzaji anasema ina kilo 190. Nina vijana wanne, ngazi ya mirunda ya mita 5 tuliyogonga wenyewe, na ya alumini ya mita 4 nitakayokodi. Wazo langu ni kuegemeza ngazi zote mbili ubavuni, vijana wapande na injini kwa mpiko, yaani ikining'inia kwenye mti walioubeba begani, wawili kila ngazi. Wengine wananiambia nizilaze ngazi niiburuze. Nauliza kwa sababu wiki iliyopita kijana wangu aliteleza ngazini akiwa na mashine ya farasi 15 begani. Mashine ilipasuka kofia, na yeye bega linamsumbua mpaka leo. Au nisubiri boti ishuke majini, nipakie huko?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kijana. Bega lililoumia wiki iliyopita na bado linauma halitaki kuchuliwa, linataka picha. Mpeleke hospitali, na gharama ni zako wewe uliyemtuma. Nimelitanguliza hili kwa sababu kwenye fukwe zetu huwa linasemwa mwisho, kama likisemwa.

Sasa injini. Wazo lako la mpiko nalikataa, na tuhesabu pamoja uone kwa nini. Chukua ngazi moja tu. Vijana wawili wa kilo 70 ni 140. Nusu ya injini ni 95. Ngazi hiyo imebeba kilo 235. Ngazi ya alumini iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya, EN 131, mwisho wake ni kilo 150, na hapo wamehesabu mtu, nguo zake na alichoshika. Ya kwako ya mirunda haina kibandiko chochote, ina misumari tu. Tena hesabu hiyo inadhani injini imetulia katikati ya mpiko, na kwenye ngazi haitulii. Aliye kushoto akitangulia kunyanyua mguu, mpiko unainama, injini inateleza kuelekea chini, na aliye chini anapokea zaidi ya nusu yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya kijiti. Mikono yake yote iko kwenye mpiko. Akiyumba atashika nini?

Ngazi ni njia ya mtu. Karibu kila ajali ya kupakia niliyoiona kwa macho yangu ilianzia pale mtu na mzigo walipopitishwa njia moja. Hata ile ya kijana wako ni hiyo hiyo. Mashine ya farasi 15, hii ya kufungwa nyuma ya boti, ina kilo kama 40, na kijana mwenye nguvu anaitembeza ufukweni akiimba. Lakini ngazini alihitaji mikono yote miwili kwa ajili yake mwenyewe, na mmoja alikuwa ameshaukopesha mzigo.

Waliokuambia uzilaze ngazi uburuze wamekaribia, ila na wao wameruka jambo moja, na hilo jambo nalijua kwa kidole changu.

Nilipokuwa kijana wa kazi kwenye yadi moja ya boti tulipewa jenereta la kupandisha. Tukalaza ngazi ya mirunda kutoka chini hadi ukingoni, tukaanza kuburuza. Tulipofika katikati nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja muwa nyumba ya pili. Hakuna aliyesimama, kwa sababu msimamizi alikuwa anaimbisha na sisi tunaitikia. Mvuto uliofuata kipandio kimoja kikachomoka na misumari yake, pembe ya jenereta ikazama kati ya mirunda miwili, ngazi ikapinduka ubavu. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto hakijakunja tangu siku ile, na msimamizi alichouliza kwanza ni kama jenereta limepasuka.

Kilichotokea ni hiki. Ngazi imeundwa isimame. Ikiegemezwa vizuri, uzito mwingi unateremka kwa urefu wa miti yake mpaka ardhini, kama uzito wa nyumba unavyoteremka kwenye nguzo. Ukiilaza, uzito huo huo unaanza kuipinda. Chukua ngazi ya mita 5. Ikisimama inavyotakiwa, umbali wa kulala kati ya kitako chake na ncha yake ni mita 1.3 hivi. Ukiilaza hadi ukingo wa mita 1.8, umbali huo unafika mita 4.7 hivi. Mzigo ni ule ule, ila nguvu inayoipinda katikati imezidi mara tatu na nusu. Na huo ni mti mzuri usio na ufa. Vipandio vilivyogongwa kwa misumari kwa mbele ni habari nyingine kabisa, maana hapo uzito haubebwi na mti, unabebwa na shingo ya msumari. Kwa mguu wa mtu unavumilia. Kwa pembe ya injini inayoburuzwa unachomoka.

Kwa hiyo ngazi yako ya mirunda usiitupe, ila ibadilishie kazi. Isiwe ngazi tena, iwe mifupa ya njia ya kuburuzia. Ilaze, kisha juu ya kila mrunda gongomea ubao wa mbili kwa sita urefu wote, ili mzigo upite juu ya mirunda yenyewe na vipandio visibebe kitu. Kazi ya vipandio sasa ni kuzuia mirunda isitanuke, basi. Wakati wa kugongomea, zamisha vichwa vya misumari. Kichwa kimoja kilichotokeza kitashika mzigo mahali ambapo hutaki usimame.

Chini ya njia hiyo weka miguu miwili, mmoja kwenye theluthi ya kwanza na mwingine kwenye theluthi ya pili. Ya magogo yaliyopangwa kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile, kama tanuri la matofali. Usitumie pipa tupu, wala tofali zilizosimamishwa, wala mtu. Nimewahi kuona mtu akiinama chini ya ngazi "aisaidie kwa mgongo". Mguu mmoja tu katikati unapunguza kupinda kwa zaidi ya nusu, miwili ni salama zaidi, na magogo hayo hapo Igombe hayakugharimu kitu.

Lingine, achana na ubavu. Pandishia nyuma. Una sababu mbili. Nyuma ni mita 1.4, ubavuni 1.8, na hizo sentimita 40 vijana watazihisi kwenye viganja. Ila sababu kubwa ni kwamba boti iliyokaa juu ya magogo inaegemea kwenye miega yake, ile miti inayoizuia isilale, ya kushoto na kulia, na wewe unataka kuisukuma kwa ubavu, upande ule ule ambao ni dhaifu. Kilo mia moja za mvuto kwenye ukingo wenye kimo cha mtu zinatosha kung'oa mwega uliochimbiwa mchangani. Ukivuta kutoka nyuma kuelekea pua, unaivuta kwa urefu wa mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti nzima, na kwa urefu huo haipinduki. Kitu kimoja tu inaweza kufanya, nacho ni kutembea. Magogo ndiyo yaliyoipandisha nchi kavu, hayajasahau kuviringika. Kila gogo litiwe kabari mbele na nyuma kabla hujagusa kamba.

Sasa tuone mvuto wenyewe, ujue kwa nini vijana wanne wanatosha na kubaki. Kwenye mteremko wa mita 5 unaopanda mita 1.4, katika zile kilo 190 ni kama 53 tu zinazokuvuta kurudi chini. Zinazobaki zinalala kwenye mbao, na hizo ndizo zinazosugua. Mbao kavu juu ya mbao kavu hung'ang'ania kwa karibu nusu ya uzito uliolala, kwa hiyo mvuto wote unakaribia kilo 140. Sugua njia kwa sabuni ya mche iliyolowa kidogo, msuguano unashuka, mvuto unakuwa kama kilo 90. Kipande cha sabuni kimekuondolea kilo 50! Grisi nayo inateleza, lakini itahamia kwenye nyayo na viganja vya watu, na mtu mwenye grisi mguuni simtaki karibu na boti. Sabuni inaoshwa na ziwa.

Ukiongeza kapi moja linalotembea na mzigo, zile 90 zinagawanyika mara mbili. Kapi nalo linakula chake, hasa likiwa na kutu, kwa hiyo sema 50 na ushee. Vijana wawili wanavuta hiyo bila kukunja uso. Kamba ifungwe hivi: ncha moja kwenye mti ulio mbele ya pua, shina na si tawi, kamba ipite ndani ya boti kwa urefu wake, iingie kwenye kapi lililofungwa kwenye mzigo, irudi tena hadi kwenye mti ule ule. Pale mtini izungushwe mara mbili kamili, na mtu mmoja akae hapo kazi yake ikiwa kula ulegevu tu. Wanaovuta wanashika kamba kati ya pua na mti, wanarudi nyuma hatua mbili, aliye mtini anakula, wanalegeza polepole, wanashika upya. Huyo wa mtini mchague mwenye akili iliyotulia, hata kama ndiye mwembamba kuliko wote. Mizunguko miwili kwenye gome inashika mzigo kiasi kwamba yeye anabaki na kilo chache mkononi. Wengine wakiteleza wote kwa pamoja, injini inasimama pale pale ilipo. Asizungushe kamba mkononi mwake, hata kidogo. Kamba iishie kwenye kiganja kilicho tayari kufunguka.

Kamba yenyewe ninunulie mpya. Manila ya plastiki ya milimita 12, ikiwa mpya, hukatika kwenye karibu tani 2, na ukisikia hivyo unaweza kudhani unafanya mchezo. Lakini fundo linaila karibu nusu, jua la fukweni linaila kila mwezi, na mshtuko unaila kuliko vyote. Mimi hugawa kwa 10 na kuishia hapo: kilo 200. Ile uliyofungia nanga miaka miwili usiniletee. Ipinde, ukiona unga mweupe unatoka, ni ya kuanikia nguo.

Nikigusia mshtuko, wimbo wa kazi nao nauogopa kidogo. Naupenda, nimekulia ndani yake, ila "harambee, hee!" inavuta kwa kishindo, na kila kishindo kwenye kamba ni mzigo mkubwa kuliko unaoonekana kwenye mizani. Siku hiyo waimbe baada ya kumaliza. Wakati wa kuvuta awe mtu mmoja anayesema, kwa maneno matatu tu: vuta, shika, legeza. Na neno la nne, simama, liruhusiwe kwa yeyote, hata mtoto anayepita. Ningekuwa na neno hilo siku ya ule mlio wa muwa, kidole changu kingekuwa kinakunja.

Suala la majini nilipitie. Usisubiri. Boti ikiwa nchi kavu juu ya magogo yenye kabari haichezi. Ikielea, kilo 190 ukingoni zinaivuta upande huo, waliomo wanakimbilia kuidaka injini, na sasa ni kilo 190 pamoja na watu watatu upande mmoja. Ukitaka kutumia mlingoti na kapi ndiyo mbaya zaidi, maana mzigo unaoning'inia, kwa boti, ni kama umeuweka pale juu kabisa kamba ilipofungiwa, hata kama wewe unauona uko karibu na sakafu. Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa uzito wa juu na wa upande mmoja unafanya nini. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini kisiwani Ukara, kimejaa kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa wakiwa wanauona ufukwe. Boti yako ni ndogo, lakini sheria ya uzito ni moja. Siku ukilazimika kupakia ikiwa majini, pua ipandishwe mchangani mpaka ikae, mzigo uingilie puani kwa ubao, na anayepokea akae katikati, chini, si ukingoni.

Utaniuliza mbona sikuambii ukodi chenibloku, ile winchi ya mnyororo, kwa mafundi gari. Ukilipata, na yupo mtu anayejua kusimamisha mihimili mitatu, ni chombo kizuri, mtu mmoja anainua injini yako huku anakunywa chai. Tatizo ni mihimili. Ili ivuke boti na kuacha nafasi ya kunyanyua inatakiwa iwe mirefu sana, na miguu yake mchangani hutanuka usipoifunga kwa kamba huku chini. Nimeona imetanuka. Kule bandari ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Mwanza ya mita 92.6 iliundwa, kuna kreni za kazi hiyo. Wewe una mti na sabuni.

Ngazi ya alumini ndiyo ibaki kuwa ngazi, ya watu, ubavuni, mbali na njia ya mzigo. Iegemee hivi: kwa kila mita nne za kwenda juu, kitako kitoke mita moja. Kwa ukingo wako wa 1.8 kitako kikae sentimita 45 kutoka usawa wa ukingo, si kutoka chini ya boti, maana ubavu wa boti umebinuka na macho yatakudanganya. Ncha ivuke ukingo kwa angalau mita moja, ili anayeingia botini awe na cha kushika mpaka miguu yote iwe ndani. Watu wengi huanguka pale juu kabisa, kwenye ile hatua ya kuvuka, si katikati ya ngazi. Ifungwe juu kwenye taruma, yaani mbavu za ndani za boti, kushoto na kulia. Kamwe isifungwe kwenye mwega wa boti, wala isiuegemee. Chini iwekewe ubao mpana na vigingi viwili, kwa sababu ziwa lilipopanda mwaka 2020 na likaja kurudi, fukwe nyingi zimebaki na udongo ambao juu ni mkavu na chini ni uji. Ngazi inasimama vizuri na mtu wa kwanza, wa tatu akipanda mguu mmoja umeshazama. Na kabla ya kuisimamisha tazama juu. Alumini na waya wa umeme havipatani.

Viatu: yeboyebo iliyokanyaga magamba ya samaki haifai kwenye kipandio cha alumini. Afadhali miguu mitupu iliyofutwa.

Mashine ya kijana wako, ile ya farasi 15, ipandishwe kwa kamba. Mtu apande mikono mitupu, akifika juu avutiwe mzigo. Kamba ipite chini ya kichwa cha mashine, pale kwenye shingo karibu na vishikizo vya kufungia botini, isishike kofia wala mkono wa kuongozea, vyote viwili huchomoka. Wawili wapige magoti ndani ya boti wavute, na ukingoni walaze bomba au mti wa mviringo kamba iteleze juu yake. Wa tatu chini ashike kamba ya pili iliyofungwa karibu na propela, airudishe nje isigonge mbao. Akae pembeni. Chini yake kabisa hakuna mtu. Kwa farasi 40, ambayo inapita kilo 70, tumia njia ile ile ya kuburuzia, na machela, kile kitanda cha mbao nitakachokieleza hapa chini.

Mafuta nayo, kwa kuwa najua ndiyo yatakayofuata. Pipa la lita 200 likijaa petroli linafika kilo 165 au 170, na wengi hulipandisha kwa kusukumana. Ama lipeleke tupu na ulijaze kwa madumu, kila dumu la lita 20 likiwa na kilo kama 15, ama liviringishe kwenye mbao zile zile kwa kamba mbili: zifungwe juu kwenye boti, zishuke, zipite chini ya pipa, zirudi juu kwa wavutaji. Pipa linakuwa kapi lake lenyewe, mvuto unagawanyika nusu, na vijana wawili wanalipandisha huku mmoja anakuangalia kama umemfanyia uchawi. Hakuna sigara, hilo sirudii.

Basi siku yenyewe. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likishapanda upepo wa ziwani unaanza kuja nchi kavu, mawimbi yanafika pale nyuma ya boti, na kumbuka kwamba kwako nyuma ndiko kwenye maji. Kitako cha njia ya mzigo kitakuwa kwenye mchanga uliolowa, kwa hiyo kiwekee mbao mbili pana chini na vigingi vilivyozama nusu mita.

Injini ipunguze kabla ya kuifunga. Maji ya kupozea yatoke yote, oili itoke, tangi la mafuta na bomba la moshi vifunguliwe. Ukiweza kufungua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, umetoa mzigo mzima wa mtu mmoja. Kinachobaki kifunge kwa boliti, kwenye matundu yake yenyewe ya kukalia, juu ya mbao mbili za nne kwa nne zilizoungwa kama machela, upana wake ukae sawasawa juu ya mirunda. Ncha za mbele za machela zichongwe zibinuke kama pua ya mtumbwi, zisigonge viungio. Kamba ifungwe kwenye machela, chini, si kwenye kichwa cha injini. Ukivuta kwa juu, injini inapiga magoti na kulala kifudifudi njiani. Injini za namna hii zina kichwa kizito, ndiyo maana nasisitiza machela pana.

Pale ncha ya njia inapolala nyuma ya boti, mbao za boti ni nyembamba, hazikuumbwa kubeba uzito huo sehemu moja. Laza mbili kwa nne ikingame upana wote, weka gunia chini yake, kisha funga njia kwa kamba kwenye mataruma ya pande zote mbili. Magunia mengine yawekwe kila mahali kamba inapogusa mbao ndani ya boti.

Kisha vuta nusu mita. Simama. Zunguka uangalie kila kitu: vigingi, magogo, kabari, fundo, mirunda. Gusa kamba kwa kidole. Hapo ndipo utaona gogo moja limesogea au kigingi kimeinama, na ni bora ukione injini ikiwa sentimita 10 kutoka ardhini. Vuta tena. Wakati wote huo nyuma ya injini hakuna mtu, si wa kusukuma, si wa kutia kabari kwa mkono. Kama unataka kabari ya nyuma, ipigilie kwenye ncha ya mti mrefu na anayeisogeza asimame pembeni. Vijana watakuambia inakwenda polepole. Iende polepole. Usiwalipe kwa mkupuo wa kazi hiyo moja, walipe kwa siku, haraka yao itaisha yenyewe.

Sehemu ya hatari ni kuvuka ukingo. Machela ikifika nusu yake ndani, uzito unahama ghafla, mbele inazama na nyuma inanyanyuka. Kwa hiyo ndani ya boti, kabla hujaanza, panga mbao mpaka zifike kimo cha ukingo, sakafu ya muda, ili injini ikivuka ipite sawasawa bila kudondoka. Wa mtini aambiwe: hapo ndipo ashike kuliko mahali pengine.

Ikishakaa juu ya sakafu hiyo, unayo injini botini, ila iko juu mno. Iteremshe kwa mtaimbo: nyanyua upande mmoja sentimita mbili, mwingine atoe ubao mmoja kwa kuusukuma kwa fimbo, teremsha, hamia upande wa pili. Ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, mpaka ufike kwenye kitanda chake juu ya mkuku. Vidole visiingie chini ya machela hata mara moja, hata pale boliti inapokataa tundu kwa milimita mbili na kila mtu amechoka na anataka kuisogeza kwa mkono. Isogeze kwa mtaimbo. Boliti zote nne zikishaingia na nati kushika, ndipo umwambie wa mtini aachie kamba.